Lita ya Mwisho

Wanunuzi wa Nairobi wanaijua Kangeta kwa miraa: vifurushi vilivyofungwa kwa majani ya migomba, na magari yanayokimbia navyo mpaka sokoni. Kando ya barabara hiyohiyo ya kwenda Maua, chini ya mabati, kuna kazi isiyokubali haraka hata kidogo. Fundi wa jua kali anatengeneza sufuria ya umeme ya kuchemshia maji ya kimea, kwa mtu anayejipikia bia nyumbani. Koili amekwisha kuifunga. Sasa anatafuta njia ya kuyatoa maji.

Waliopika pombe ya wimbi zamani walichota kwa kata na kuchuja machicha. Bia hii inataka utulivu zaidi. Maji yakishapoa, lazima yashuke taratibu bila kuguswa na mkono wala chombo kichafu, na mashapo yabaki nyuma.

Mtu mwingine angetoboa katikati ya kitako, mahali pa chini kabisa. Yeye anakataa. Maji ya kimea yakikorogwa kwa mzunguko kisha yakaachwa, mashapo ya hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, hujikusanya katikati kama kichuguu. Tundu likiwa hapo, uchafu ndio utakaotangulia kutoka. Anachagua ubavuni, vidole viwili juu ya kitako, mbali na koili.

Anapiga alama kwa ponchi, anadondosha mafuta, na kuiendesha drili polepole huku ameikandamiza kwa nguvu. Chuma kisichoshika kutu kikisuguliwa mbiombio hupata moto na kuzidi ugumu, na keekee hubaki kuteleza juu yake. Nami nikiwa kando nilitazama maranda ya chuma: yakitoka marefu, yamejikunja, keekee inakata; yakigeuka unga, anasimama, anafuta, anaongeza mafuta. Keekee ya ngazi inapanua tundu daraja kwa daraja hadi karibu milimita 21, kipenyo cha nje cha nyuzi za bomba la nusu inchi.

Tupa ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko drili. Alizungusha ndani, akazungusha nje, akapitisha kidole, akarudia. Ukingo mmoja mkali unatosha kukata washa ya silikoni, na sufuria itavuja mtu akiwa amekwisha kujaza maji ya moto.

Halafu kikaja kile nilichokistaajabia zaidi: kiwiko cha ndani. Kwenye tundu alifunga kipande cha bomba kinachoinamia kitako. Koki ikifunguliwa, na mpira wa nje ukishuka chini ya sufuria, maji huvutana yenyewe hata yakishafika chini ya tundu, mradi hewa isipenye kwenye maungio. Mdomo wa bomba ukigusa kitako, maji hukabwa; ukiinuliwa mno, lita nzima inabaki. Alipima, akakata kidogo, akapima tena, mpaka ikabaki nafasi ya milimita chache.

Alizungusha tepu nyeupe kufuata mkazo wa nyuzi, akaweka washa, akakaza nati kwa spana bila kuiponda silikoni. Jaribio la kwanza lilikuwa la maji baridi, gazeti kavu likiwa limetandikwa chini. La pili lilikuwa la moto, kwa kuwa chuma hutanuka na ungio lililokuwa kavu laweza kutoa jasho. Koili ni ya wati 3,000. Kwa volti 240 inavuta ampea 12.5, karibu na kikomo cha plagi ya ampea 13, kwa hiyo waya ni mnene na ule wa ardhi umefungwa kwenye mwili wa sufuria kwa boliti. Haiwashi mpaka maji yaifunike koili, na huizima kabla ya kugusa koki. Huku juu kwenye vilima vya Nyambene maji huchemka kabla ya nyuzi 100, naye aliyaacha yachemke kwa kitambo kizuri.

Tone moja lilionekana chini ya nati. Alizima, akasubiri chuma kipoe, akafungua kila kitu na kuzungusha tepu mpya. Alipojaribu tena, gazeti lilibaki kavu. Alifungua koki, na maji yalipokata akamimina yaliyosalia kwenye kikombe cha chai, hayakukijaza. Kisha akamfundisha mwenye sufuria jinsi ya kuifungua koki yenyewe vipandevipande, maana nyuma ya gololo iliyo ndani yake maji ya kimea hujificha na kuchacha.