Chuo Kikuu Sokoni: Mamdani na Mfano wa Makerere

Katika kitabu chake Scholars in the Marketplace, kilichotolewa na CODESRIA mwaka 2007, Mahmood Mamdani anachunguza mageuzi ya Chuo Kikuu cha Makerere kati ya 1989 na 2005. Ni mageuzi yale yale ambayo David Court aliyasifu mwaka 1999 na kuyaita mapinduzi ya kimya.

Ubora wa kitabu umo katika kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni kupokea wanafunzi wa kujilipia katika chuo cha umma. La pili ni kuifanya elimu yenyewe bidhaa: vitivo viliachiwa sehemu kubwa ya karo, vikatunga masomo yauzikayo, vikagombea wanafunzi kama wachuuzi wagombeavyo mnunuzi, hata kimoja kikadiriki kufundisha yaliyo ya kingine. Kwa Mamdani, la kwanza lingeweza kuvumilika. La pili ndilo lililobomoa. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa haisemwi kwa jumla jumla bali inafuatwa kitivo kwa kitivo.

Hata hivyo swali la kazi limebaki pembeni. Mwaka 1867 Marx alimtumia mwalimu kama mfano: mwalimu huzalisha thamani ya ziada pale tu jasho lake linapomtajirisha mwenye shule. Makerere haikuwa na mwenye shule wa namna hiyo. Mhadhiri wa masomo ya jioni alilipwa kutoka mfuko ambao wenzake, pengine naye mwenyewe, walikaa kuugawa. Je, huyu ni mfanyakazi anyonywaye, au mchuuzi mdogo? Kutamka upesi kwamba chuo kimekuwa kiwanda ni kumkariri Marx bila kumsoma. Palifanana zaidi na soko la Nakasero. Na kwa kuwa hapakuwa na tajiri mmoja wa kugombana naye, mhadhiri alikosa pa kuelekeza dai lake ila kwa dola. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016: wahadhiri waligoma wakidai marupurupu yaliyolimbikizwa, na Rais Museveni akakifunga chuo.

Upande wa tabaka nao unadai uchambuzi mkali zaidi. Ufadhili wa dola uliwaendea wenye alama za juu, ambao aghalabu walitoka shule bora za wenye uwezo. Mkulima alilipa mara mbili: kodi kwa ajili ya hao, na karo kwa ajili ya mwanawe.

Akisomwa Lubumbashi, Mamdani anahitaji nyongeza. Zaire iliruhusu vyuo vya watu binafsi mwaka 1989, lakini ndani ya vyuo vya umma soko halikungoja mpango wowote kutoka Washington. Mshahara ulipokosa thamani katika miaka ya 1990, mchango wa mwanafunzi na mzazi ndio ulioziba pengo. Makerere iliuza masomo mapya. Huku kilicholipiwa ni somo lile lile la zamani, ili mwalimu aweze kufika darasani.