Jicho Hutangulia Tezo

Mteja anayeingia soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, akitokea Barabara ya Sam Nujoma, huikuta kazi imekwisha. Vinyago vimeng'arishwa na kupangwa rafuni, kuanzia vile vya kushika kiganjani hadi nguzo za watu zinazompita mtu kimo. Anainua kimoja, anauliza bei, anaisifu mikono ya fundi, na sifa hiyo ni halali. Lakini mikono ilitanguliwa na jicho. Hukumu nzito kuliko zote ilitolewa siku gogo lilipokuwa bado limelala chini na magome yake, kabla tezo haijaligusa. Hukumu hiyo haionekani rafuni wala mteja haiulizii, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Mpingo, mti wa vinyago hivi, haumsamehe anayekosea kuchagua. Ni mti mzito kuliko maji: kipande cha kiini chake ukikitia kwenye ndoo kitazama. Mita moja ya ujazo ya kiini kikavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi. Kwa ugumu huo mchongaji anaweza kutoa ukope, ukucha au mshipa wa shingo, na alama hiyo ikadumu miaka mingi baada yake. Kwa ugumu huohuo, kosa lililofichama ndani ya mti hujitokeza wakati fundi ameshamwaga jasho la wiki nzima.

Kwa hiyo fundi anayejua kazi hutazama ncha zote mbili za gogo. Chini ya gome kuna pete nyembamba ya weupe unaoelekea manjano, na ndani yake ndipo penye kiini, cheusi chenye wekundu wa zambarau. Weupe ni laini na wadudu huupenda, hivyo hesabu ya fundi ni ya kiini kitakachobaki, na unene wa gogo peke yake haumwambii kitu. Tena gogo nene mara nyingi ndilo lenye hila. Mpingo humea katika misitu mikavu inayopitiwa na moto wa nyika mara kwa mara, na mti ulioishi muda mrefu huweza kuwa umeoza moyo huku nje ungali imara. Ncha moja inakuwa nzima, ya pili ina pango. Ndipo fundi anapoligonga na kutega sikio. Gogo zima hutoa mlio mkali unaokaa hewani, na lenye ufa hujibu kwa sauti fupi iliyofifia.

Nyufa nazo zina daraja zake. Upo ufa wa juujuu utakaoondoka pamoja na vibanzi vya kwanza, na upo unaoelekea moyoni, ambao utakifuata kinyago mpaka sebuleni kwa mwenye kukinunua. Kazi iliyochongwa katika hewa ya Dar es Salaam, yenye unyevu wa bahari, ikahamia kwenye nyumba yenye kiyoyozi au hita ya majira ya baridi Ulaya, hukauka kwa ghafla, na mti ukikauka kwa ghafla hupasuka pale ulipokuwa dhaifu tangu mwanzo. Mchongaji aliyelihifadhi gogo kivulini, akaliacha litoe maji yake taratibu, anamlinda mtu ambaye hatakutana naye tena maishani. Huo ni uaminifu wa hali ya juu, kwa kuwa hakuna anayeusimamia.

Baada ya uzima huja umbo, na hapa ndipo kuchagua kunapogeuka kuwa sanaa. Mashina ya mpingo mara chache huwa ya mviringo na yaliyonyooka. Hujikunja, hugawanyika, hujaa mabonde na matuta. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wengi wakifuata kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, walijifunza kuusikiliza mti wa namna hiyo. Katika miaka ya 1950, wakati mfanyabiashara Mohamed Peera alipokuwa akinunua kazi zao Dar es Salaam, mitindo mipya ilizaliwa. Jina la Roberto Yakobo Sangwani limefungamana na ile nguzo ya watu waliobebana, ambayo baadaye iliitwa ujamaa. Jina la Samaki Likankoa limefungamana na mashetani, wenye jicho moja, tumbo lililotoboka, mguu ulioota mahali pa mkono. Mitindo hii miwili hudai magogo mawili tofauti. Ujamaa unahitaji shina nene, zima, lenye kiini kirefu, kwa kuwa watu wote wanatoka katika mti mmoja usio na kiungo. Shetani anaweza kuzaliwa katika kipande kilichopinda ambacho wengine wangekitia jikoni. Pango lililoachwa na moto huwa kinywa chake, na mpindo wa tawi huwa mgongo wake.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi ukilinganisha na mafundi wengine wanaoutegemea mti huohuo. Klarineti na zumari za okestra duniani kote hutengenezwa kwa mpingo, na kampuni ya Kifaransa ya Buffet Crampon, iliyoanzishwa Paris mwaka 1825, ni miongoni mwa wenye majina makubwa katika kazi hiyo. Fundi wa klarineti anatafuta vipande vilivyonyooka, vyenye nyuzi zilizotulia, visivyo na fundo wala doa. Hata kile kipande kifupi kilicho chini ya kinywa cha ala, kisichozidi urefu wa kidole, huchaguliwa kwa uangalifu, maana tundu lake likibadilika kidogo tu sauti huharibika. Kwa masharti hayo, sehemu kubwa ya kila gogo hukataliwa kiwandani. Mchongaji wa Mwenge naye ana masharti makali, ila yeye huweza kulipokea gogo lililokataliwa na kuuliza lina nini ndani yake. Mmoja anachagua kwa kuondoa kila kasoro, mwingine kwa kuipambanua kasoro inayoua na kasoro inayozaa. Wote wawili ni mafundi, lakini huyu wa pili ananigusa zaidi, kwa sababu anaupa heshima mti wote jinsi ulivyokua.

Na mti huu hukua polepole mno. Mpingo huchukua miongo kadhaa, pengine miaka 70 hadi 100, kufikia unene wa kuvunwa. Kila gogo linalofika Mwenge huenda lilianza kuota kabla babu wa mchongaji hajaoa. Ndiyo maana kuchagua hakuwezi tena kuishia uani mwa karakana. Inabidi kuanzie msituni. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yao. Huko Kilwa, kwa msaada wa shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, vijiji vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji endelevu. Kaskazini, mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa wa Kibosho alianzisha mwaka 1996, pamoja na fundi wa mbao James Harris wa Texas, mradi wa kupanda mipingo, akiwafundisha watoto wa shule kuotesha miche ambayo wao wenyewe hawangeivuna. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Hatua zote hizi zinauliza swali lilelile la fundi: mti upi ukatwe, upi uachwe?

Uhaba umeleta pia mti wa uongo: mbao nyepesi na nyeupe, iliyosuguliwa kwa rangi ya viatu mpaka ikaonekana nyeusi. Simlaumu kijana anayetafuta riziki, lakini nasikitikia kinachopotea. Rangi inaweza kuuiga weusi wa mpingo, haiwezi kuiga hukumu. Anayepaka rangi hana haja ya kutazama ncha za gogo wala kutega sikio, na baada ya muda hatakuwa na cha kumfundisha mwanafunzi wake zaidi ya kushika brashi.

Mteja ana nafasi yake katika kuuokoa ujuzi huu. Ukienda Mwenge, msalimie fundi, kisha kabla ya bei ulizia mti. Umetoka wilaya gani? Ulikaa kivulini kwa muda gani? Kwa nini kichwa kimewekwa upande huu wa gogo? Geuza kinyago uutazame unyayo wake, ambapo rangi huwa imesahaulika na kiini cha kweli hujionyesha. Fundi aliyechagua atakujibu kwa furaha na kwa kirefu, maana ni nadra kuulizwa. Kisha mlipe kwa vyote viwili: kwa siku alizochonga, na kwa magogo aliyoyageuza, akayagonga, akayaacha.