Istilahi za Vihisi na Hewa ya Eastlands: Tahakiki

Mradi wa sensors.AFRICA, ulioasisiwa na Code for Africa, uliweka mjini Nairobi vijisanduku vya kupimia hewa vilivyofuata mfano wa wananchi wa Stuttgart, Ujerumani. Ndani yake mna mwali wa leza unaotawanywa na chembe zipitazo. Kwa mkazi wa Dandora, ambako jaa la taka lilifunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, chombo hicho si jambo la anasa. Lakini akielezwaje?

Baadhi ya wafasiri hutohoa tu na kupata "sensa". Utohozi huo ni wa kivivu, kwani neno hilo limekwisha kupata kazi nyingine: ni kuhesabu watu. Mukuru, eneo lililotangazwa mwaka 2017 kuwa la mpango maalumu, kuhesabiwa ni jambo linalogusa kodi, kiwanja na hofu ya kubomolewa. Mgeni abishaye hodi akisema ameleta sensa asishangae mlango ukifungwa.

"Kugundua" nako kuna walakini. Chombo kikiwashwa mara ya kwanza hujitangazia mtandao wake chenyewe. Simu huuona, ndipo mtu aandikapo jina na nywila ya mtandao wa nyumbani. Anayegundua ni nani hapo? (Kitenzi hiki kilikwisha kutumiwa vibaya kwa maziwa na milima ambayo wenyeji waliijua siku zote.) Kiswahili kina "kujitangaza", kina "kutambulika", na zaidi ya yote kina "kutambuana", ambacho kwa kiambishi kimoja tu cha kutendana kinaeleza kwamba simu na chombo vyote viwili hutenda.

"Kusanidi" kunafaa, ingawa kijana wa Eastlands, kitovu cha Sheng, atasema "kuseti" na kazi ikaendelea. Mwongozo unaomkusudia yeye hauna haki ya kumdharau.

Ugumu mkubwa uko kwenye jina la chombo chenyewe. "Kipimavumbi" kinavutia kwa kufuata "kipimajoto", ila kinapotosha: chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ambazo Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilizipunguzia kiwango cha wastani wa mwaka kutoka 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, yaani maikrogramu, hutokana sana na moshi. Mama aambiwaye habari za vumbi atamwagia maji uani, na taka zinaendelea kuungua. "Kipimahewa" ni afadhali kwa kijisanduku kizima.

Sehemu ya ndani, yenye leza, wengine huiita "kitambuzi". Hapo sifa imezidi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama asubuhi za ukungu za mwezi Julai, chembe huvimba, matone nayo hutawanya mwanga, na tarakimu hupanda bila moshi kuongezeka. Kifaa kisichopambanua ukungu na moshi hakitambui, kinahisi tu. Basi "kihisi" ndilo jina lake, na mwongozo hauna budi kumweleza msomaji tofauti hiyo kabla hajaenda na tarakimu zake kwa wakuu wa kaunti.