Uhakiki wa Istilahi: "Ukanda wa Kijani"

Miongoni mwa istilahi za mipango miji zinazohitaji kuangaliwa upya ni "ukanda wa kijani", yaani ardhi inayouzunguka mji ambayo ujenzi wake huzuiwa ili mji usitambae bila kikomo. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Huko Uingereza, sheria ya 1938 iliyohusu London na majimbo jirani iliyapa maneno hayo uzito wa kisheria. Katika Kiswahili maneno yamevuka, uzito umebaki ng'ambo.

Tuchukue mfano wa Mlingotini, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Bagamoyo. Nyumba za Dar es Salaam zimekwisha kupita Bunju na kufika Mapinga. Mkazi wa Mlingotini akiambiwa kwamba ardhi yake imo katika ukanda wa kijani, ataelewa nini? Mikoko ni kijani, minazi ni kijani, na shamba la mihogo vilevile. Rangi haimwelezi kilichokatazwa wala mwenye kukataza. Aidha, harakati aliyoianzisha Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977 ina jina hilo hilo, ilhali kazi yake ni kupanda miti, si kuuzuia mji.

Istilahi "eneo la wazi", iliyozoeleka mijini, haifai pia. "Wazi" hukaribia maana ya "tupu", na kiwanja kitupu humwita mjenzi. "Hifadhi" nayo ina tatizo: sheria za ardhi za 1999 zimetofautisha ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji, hivyo mwanakijiji alisikiapo neno hilo ana haki ya kuhofu kwamba ardhi imemtoka.

Sisi twapendekeza "ukanda tengefu wa mji". Neno "tengefu" si geni. Limo katika "pori tengefu" na katika "maeneo tengefu" ya bahari. Latokana na kutenga, na kila kitendo kina mtendaji. Msikilizaji hana budi kuuliza: nani ametenga, na kwa faida ya nani? Twakiri kwamba neno hili laweza kuwakumbusha wengine wanyamapori. Kasoro hiyo itaondolewa na fasili iliyo bayana.

Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha mpango wa matumizi ya ardhi. Haifai wananchi wanyoshe mikono kuidhinisha jambo wasilolielewa.