Ladha Isiyongoja Miaka

Divai nyekundu bora husifiwa kwa umri wake: ukakasi wa ujanani hulainika chupani, na harufu ya matunda hugeuka ikawa ya majani makavu. Ajono ya Waiteso wa Busia na Tororo huzeeka jioni moja. Unga wa wimbi uliochachushwa na kukaangwa huchanganywa na kimea. Chunguni humiminiwa maji ya moto, wanywaji wakivuta kwa mirija mirefu, na kila yaongezwapo ukali hupungua. Ivan Karp aliandika mwaka 1980 juu ya unywaji huo kama sura ya maisha ya jamii. Kuipima ajono kwa kipimo cha divai ni kuionea. Ukakasi, uchachu na ukali ni maneno yetu. Walimu tuyafundishe, la sivyo wanafunzi watajua kusifu cha mbali tu.