Kabla ya Kuilaumu Oscar: Mwongozo wa Kupima Picha na Uigizaji

Kila mwaka yakitangazwa majina ya wanaowania tuzo za Oscar, ubishi huwaka: fulani kaachwa, fulani kaonewa, fulani kapendelewa. Naupenda ubishi huo na sitaki uishe. Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi hausogei. Mmoja anasema picha ilikuwa kali, mwenzake anasema staa ameua, na baada ya hapo ni kupandishiana sauti tu. Mpenzi wa filamu aliyekomaa utamtambua kwa jambo moja: ukimbana, atakutajia sini. Atakwambia mwanga ulitoka upande gani, kamera ilisimama wapi na kwa nini, na mwigizaji alikuwa akifanya nini wakati mwenzake anazungumza. Hayo hujifunzwa kwa kutazama, na kila mwenye macho na subira anaweza kuyajua.

Kwanza tuondoe mtego. Machweo ya Serengeti, au bahari ya Nungwi ikipigwa kwa droni kutoka juu, hupendeza hata kamera ikishikwa na mtu asiyejua kazi. Sifa hapo ni ya jua na ya bahari. Upigaji picha wa filamu hupimwa kwa jinsi unavyoibeba hadithi. Shoti nzuri isiyo na kazi ndani ya hadithi inafaa kalenda ya ukutani.

Anza na mwanga. Tafuta *The Godfather* ya mwaka 1972, utazame dakika zake za mwanzo polepole. Don Corleone, anayeigizwa na Marlon Brando, yumo ofisini kwake akisikiliza shida za watu, huku nje binti yake anaolewa. Mpiga picha Gordon Willis aliweka taa juu ya vichwa vya waigizaji. Nuru ikaangukia paji la uso na mashavu, macho ya mzee yakabaki kizani. Desturi ya Hollywood wakati huo ilikuwa macho ya staa yaonekane, kwa sababu mtazamaji amelipia kuyaona. Willis aliyaficha makusudi, na wewe uliyekaa kwenye kiti chako ukajikuta umekuwa kama yule mwombaji mbele ya meza, hujui mzee huyu anawaza nini. Halafu ghafla picha inahamia harusini, jua linawaka, watu wanacheza. Familia ni moja na siku ni ileile, lakini mwanga umekwisha kutuambia kwamba familia hiyo ina maisha mawili, kabla mtu yeyote hajatamka lolote kuhusu uhalifu.

Sasa, kivuli kama hicho cha machoni kimejaa kwenye filamu zetu nyingi zilizopigwa nje saa saba mchana, jua likiwa utosini. Utajuaje kipi ni ufundi na kipi ni ajali? Kifuatilie. Kwa Willis giza lina mahali pake: lipo ofisini panapopangwa mambo mazito, na halipo harusini. Kwenye filamu iliyopigwa kwa haraka, kivuli kinamkalia mchumba sawasawa na kinavyomkalia jambazi, kwenye sini ya furaha kama kwenye sini ya msiba, kwa sababu tu hakuna aliyebeba ubao mweupe wa kurudisha nuru usoni. Mwanga wa fundi hubadilika hadithi inapobadilika. Ukiona haubadiliki filamu nzima, ujue uliwekwa ili watu waonekane, basi.

Willis hakuteuliwa mwaka ule kuwania Oscar ya upigaji picha, ingawa *The Godfather* ndiyo iliyotwaa tuzo ya filamu bora. Sehemu ya pili ya mwaka 1974 ilichukua tuzo sita, na bado jina lake halikuwamo kati ya watano wa upigaji picha. Walioshinda ni wapiga picha wa *The Towering Inferno*, filamu ya jengo refu linaloungua. Baadaye aliteuliwa mara mbili bila kushinda, na mwaka 2009 akapewa Oscar ya heshima. Leo wapiga picha wanaojifunza kazi wanairudia ofisi ya Don Corleone. Sijapata kumsikia anayeirudia *The Towering Inferno*.

Kuhusu mwanga liko jambo jingine linalotugusa sisi moja kwa moja, nalo ni ngozi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe. Za Kodak ziliitwa kadi za Shirley, na fundi wa maabara akiona ngozi ya Shirley imekaa sawa, kazi imekwisha. Mtu mweusi akisimama kwenye picha hiyohiyo alipotea, akabaki meno na macho. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini mazoea yamebaki. Tazama tamthilia nyingi za runinga zetu: taa kali inamwagwa usoni kutoka mbele, ukuta mweupe uko nyuma. Kamera inajirekebisha kufuata ukuta, uso unazama. Wakiongeza mwanga, uso unageuka kijivu kama uliopakwa majivu.

Ngozi nyeusi huakisi nuru, na mpiga picha anayeijua huitumia sifa hiyo. Huweka chanzo kikubwa na laini, pembeni, ili mng'ao upite juu ya shavu na kuuchonga uso. Bradford Young alifanya hivyo katika *Selma* ya mwaka 2014. Ndani ya chumba chenye kiza unaona hudhurungi za aina nyingi kwenye uso mmoja, na ukingo wa kichwa haumezwi na ukuta. Katika *Moonlight* ya mwaka 2016 walifanya jambo dogo lenye matokeo makubwa: waliepuka poda na wakaacha ngozi za waigizaji zing'ae kwa mafuta, kama ngozi za watu wanaoishi kwenye joto. Basi ukitaka kumpima mpiga picha upesi, mtafutie sini ya usiku yenye watu weusi wawili, mmoja mweusi zaidi ya mwenzake. Kama wote wawili wana sura, na hakuna aliyeng'arishwa ili aonekane, huyo ni fundi. Young hakuteuliwa kwa *Selma*. Mwongozaji Ava DuVernay hakuteuliwa, na David Oyelowo aliyemwigiza Martin Luther King naye hakuteuliwa. Young aliteuliwa miaka miwili baadaye kwa *Arrival*, filamu nzuri, lakini kazi yake ngumu zaidi ilikuwa *Selma*.

Baada ya mwanga, uliza kamera imesimama wapi. Mfano wangu ni *12 Years a Slave* ya Steve McQueen, ya mwaka 2013, iliyopigwa na Sean Bobbitt. Solomon Northup ametundikwa mtini kwa kamba shingoni, lakini hajainuliwa kabisa. Ncha za vidole vya miguu zinagusa tope, zinateleza, zinatafuta pa kushika. Mwongozaji wa kawaida angetuletea uso wake karibu, muziki wa huzuni na jasho. Bobbitt anasimama mbali, haondoki, na muziki haupo. Nyuma ya Solomon watumwa wengine wanaanza kutoka vibandani na kurudi kwenye shughuli zao. Watoto wanacheza. Mwanamke mmoja anakuja mbio, anamnywesha maji, anaondoka. Umbali huo ndio unaotufahamisha utumwa ulivyokuwa: mateso ya mtu mmoja yako katikati ya asubuhi ya kawaida ya wengine, na hakuna anayethubutu kumfungua. Ukiisogeza kamera karibu utapata maumivu ya Solomon peke yake, na watu wote wale wa nyuma, ambao ndio nusu ya habari, watapotea.

Filamu hiyohiyo ina shoti nyingine ndefu, ya Patsey akichapwa viboko kwenye nguzo. Hapo kamera inatembea kati ya nyuso kwa dakika kadhaa bila kukatwa, kwa sababu kukata kungempa mtazamaji nafasi ya kupumua. Siku hizi shoti ndefu zimekuwa za kujionyesha, na mashabiki wanazihesabu dakika. Dakika hazina maana. Jiulize tu ingekatwa tungepoteza nini, na kama huoni kitu, ilikuwa mbwembwe.

Nahamia kwa waigizaji, na hapa ndipo watu wengi hupotea, maana uigizaji mkubwa na uigizaji wa kelele hufanana kwa mbali. Patsey ni Lupita Nyong'o, Mkenya wetu, na ndiyo kazi iliyompa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi tarehe 2 Machi 2014. Wengi hukumbuka viboko. Mimi humpima kwenye sini iliyotangulia, anaporudi kutoka jirani alikokwenda kutafuta kipande cha sabuni, akamweleza bwana wake kwa nini alikwenda. Anajua atapigwa. Anachokitetea ni haki ya kuoga, yeye anayechuma pamba kuwashinda wanaume wote wa shamba lile. Sauti inapanda, lakini haombi huruma. Anasema kama mtu anayedai ujira wake. Mwigizaji dhaifu angeanza kulia mwanzoni mwa sini, kwa kuwa amesoma mswada na anajua mwisho wake. Hicho ni kipimo kizuri: je, mhusika anaonekana kujua kitakachotokea kabla hakijatokea?

Kipimo kingine ni kusikiliza. *The Last King of Scotland* ya mwaka 2006 ilipigwa Uganda, na Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin. Alitwaa Oscar, na alistahili. Lakini itazame tena ukimfuata James McAvoy, yule daktari Mskoti. Whitaker anacheka, na McAvoy anacheka pia, huku macho yake yanachunguza kama kicheko cha mkubwa ni salama. Hofu yetu kwa Amin inapitia usoni mwa daktari huyo, ambaye ndiye kiini cha filamu. Uteuzi pekee wa Oscar ulioipata filamu hiyo ulikuwa wa Whitaker. Anayesikiliza vizuri hasifiwi, kwa sababu kazi yake inamng'arisha mwenzake.

Tena, kumwigiza mtu anayejulikana humpa mpiga kura kipimo cha bure. Renée Zellweger alishinda kwa kumwigiza Judy Garland. Rami Malek alishinda kwa kumwigiza Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, na mwendo wake jukwaani uliwekwa kando ya video halisi ukalinganishwa. Kuiga ni kazi ngumu, sikatai. Ila jiulize: kama nisingewahi kumwona mtu huyu, ningemwamini?

Mwaka ule Zellweger aliposhinda, Lupita alikuwa ametoa *Us* ya Jordan Peele, akiigiza Adelaide, mama wa watoto wawili, na Red, mfano wake aliyetoka chini ya ardhi. Red anatembea mgongo ukiwa wima, na sauti yake inatoka kama koo limekabwa. Hilo linaonekana na kila mtu. Kilichonivuta zaidi ni Adelaide. Mapema, garini, anamfundisha mwanawe kupiga vidole kufuata muziki, na yeye mwenyewe hayuko kwenye mdundo. Mara ya kwanza hulitilii maanani. Ukishaujua mwisho, ambao sitaufichua, utarudi kwenye sini hiyo nywele zikusimame. Wahakiki wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Oscar haikumteua kabisa. Filamu za kutisha huachwa hivyo mara nyingi, na Toni Collette wa *Hereditary* aliachwa vilevile mwaka uliotangulia.

Sababu zipo za kueleweka. Kwenye Oscar, wapiga picha huteua wapiga picha na waigizaji huteua waigizaji, lakini mshindi huchaguliwa na wanachama wa fani zote. Mshona mavazi anapiga kura kuhusu lenzi. Hapo kazi inayojitangaza inaipita ile iliyojificha ndani ya hadithi. Roger Deakins aliteuliwa mara 13 akitoka mikono mitupu, kuanzia *The Shawshank Redemption*, mpaka *Blade Runner 2049* ilipompa tuzo mwaka 2018. Na kwa filamu za nje, nchi huleta moja tu, kwa hiyo wengine huachwa nyumbani kabla ya safari. Mwaka 2018 mahakama ya Kenya iliondoa kwa siku saba marufuku ya *Rafiki* ya Wanuri Kahiu ili iweze kushindanishwa, kisha kamati ikachagua *Supa Modo* ya Likarion Wainaina. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia wa *Rafiki* alitajwa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la FESPACO. Nimezipenda zote mbili, na sioni kwamba kamati ilikosea: mtoto Stycie Waweru katika *Supa Modo* anaigiza ugonjwa bila kudai machozi yetu hata mara moja.

Hukumu yangu kuhusu upigaji picha wa Oscar ya 2014 ni hii. Emmanuel Lubezki alishinda kwa *Gravity*, na ushindi ulikuwa halali yake. Wengine waliokuwamo ni Deakins kwa *Prisoners*, Bruno Delbonnel, Phedon Papamichael na Philippe Le Sourd wa *The Grandmaster*. Ningemtoa Le Sourd. Mvua yake na nguo zake zinazopepea zinavutia mno, ila baada ya muda zinaacha kumhudumia mhusika. Nafasi hiyo ilikuwa ya Sean Bobbitt, ambaye hakuteuliwa. Anayebisha aitazame tena *12 Years a Slave*, aje na sini mkononi.