Kupima Kabla ya Kudunga

Sindano ya epidurali, ile inayotuliza uchungu wa kuzaa bila kumlaza mama usingizi, ni kazi ya vidole. Daktari wa usingizi humkalisha mama ukingoni mwa kitanda, humwomba ainame na kuutoa mgongo nje, kisha hupapasa vilele vya nyonga kulia na kushoto. Mstari unaoviunganisha, wenye jina la Mfaransa Théodore Tuffier, hukata uti wa mgongo karibu na pingili ya nne ya kiuno. Hapo hesabu huanza. Sindano huingia polepole, nyuma yake bomba lenye maji ya chumvi, na kidole gumba kikisukuma bila kuacha. Maadamu ncha imo ndani ya kano, maji hugoma. Ikiuvuka tu ukano wa manjano, huachia ghafla. Achille Dogliotti wa Italia aliieleza mbinu hiyo katika miaka ya 1930, na mpaka leo ndiyo inayotegemewa.

Sasa ipe mikono hiyohiyo mgongo wa mama mnene. Vilele vya nyonga vimezama, pingili hazipapasiki, na mikunjo ya ngozi, ikivutwa na uzito wake, hudanganya katikati ni wapi. Kwa wengi, nafasi ya epidurali iko sentimita 4 hadi 6 ndani ya ngozi. Kwake yaweza kufika 8 au kupita, na sindano ya kawaida ikaishia njiani. Daktari hudunga, hugonga mfupa, hurudi nyuma, hujaribu tena, na mama hutakiwa atulie tuli ilhali uchungu unambana kila baada ya dakika chache. Mwishowe lawama humwangukia yeye na mwili wake.

Lawama hiyo si ya haki. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000, madaktari wa usingizi walipapasa migongo na kutaja alama iliyochorwa iko kwenye nafasi ipi kati ya pingili. Picha za MRI zilipowasahihisha, walikuwa wamepatia mara 29 tu katika kila 100, na wako waliokosea kwa nafasi nne nzima. Vidole vilikuwa vinabahatisha hata kwenye migongo ya kawaida. Unene umetuonyesha tu kosa ambalo wembamba ulikuwa ukilisamehe.

Dawa yake ilikuwamo wodini siku zote. Tangu Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao za tumbo mwaka 1958, altrasaundi imekuwa ikimtazama mtoto kwa mbele. Kuizungusha upande wa pili wa mama kulichukua muda. Marekani walijaribu kupima kina cha epidurali kwa altrasaundi mwaka 1980. Thomas Grau na wenzake wa Heidelberg, Ujerumani, wakalichimba jambo hilo kuanzia mwaka 2001. Na José Carvalho wa Toronto akalitengenezea hatua zinazofundishika.

Hatua zenyewe zina uzuri wake. Huchukuliwa kichwa cha mashine kilichopinda, kile kile cha tumboni, kwa kuwa mawimbi yake ya masafa ya chini hupenya mbali. Kwanza husimamishwa kando kidogo ya katikati, kikielekezwa ndani. Mfupa wa sakramu hutokea kama mstari mmoja mweupe usiokatika, na juu yake pingili hujipanga kama meno ya msumeno. Daktari huzihesabu kutoka chini kwenda juu. Kisha hulazwa. Penye nafasi wazi kati ya pingili hutokea umbo ambalo wenye kazi huliita popo: masikio na mabawa ni mifupa ya kando, na katikati hung'aa mistari miwili, mmoja wa ukano na utando wa uti, mwingine wa ukuta wa mbele wa mfereji. Ikionekana yote miwili, mlango umepatikana. Hubaki kupima kina hadi mstari wa kwanza, kuchora alama ya msalaba kwenye ngozi na kukumbuka kichwa kilielekea wapi.

Baada ya hapo mashine huwekwa kando na vidole hurudi kazini, kama nahodha aliyetupa bildi akajua maji yana kina gani, lakini usukani bado ni wake. Kipimo nacho kina hila: kichwa kikikandamiza nyama, kina husomeka pungufu, kwa hiyo mjuzi hulegeza mkono kabla ya kupima. Toronto, watafiti waliopima akina mama wanene waliona kina cha picha na kile cha sindano vikipishana kwa wastani wa milimita chache tu.

Milimita hizo zina uzito. Mama mnene ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuishia kwenye upasuaji, na kumlaza usingizi kamili kwa dharura ni hatari kwa sababu njia yake ya hewa inaweza kuwa ngumu kushika. Mpira mwembamba wa epidurali, ule unaopitishwa ndani ya sindano na kuachwa mgongoni, ukikaa vizuri mapema huongezwa dawa, upasuaji ukaendelea yeye yu macho.

Katika hospitali nyingi za umma za Afrika Mashariki epidurali bado ni adimu, lakini sindano ya mgongo kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua ni kazi ya kila siku, na picha hizohizo huiongoza. Mashine aghalabu ipo, chumba cha pili. Kinachopungua ni mazoea, nayo hayapatikani usiku wa dharura. Anayetaka kujifunza aanze na migongo inayopapasika: ahesabu kwa vidole, ahakikishe kwa picha, aone alivyokosea, mpaka jicho limzoee popo. Akiitwa kwa mama ambaye mgongo wake haumwonyeshi chochote, atakuwa na pa kuanzia.